Mji Usiomfelisha Mtu

Keki ndiyo iliyotangulia kushuka. Utingo wa basi aliipokea mlangoni kwa mikono miwili kama anayepokezwa mtoto mchanga, huku mwenyewe Mama Keki akimfokea kutoka ngazini: "Usiiinamishe! Nimekwambia usiiinamishe! Hilo si gunia la mkaa, hiyo ni shahada!" Abiria wakaangua kicheko. Naye akacheka pamoja nao, maana asubuhi hiyo hata angekanyagwa kidole angecheka. Ndani ya boksi mlikuwa na kitabu kilichofunguliwa, kitabu cha unga, siagi na sukari, na juu yake kofia nyeusi ya wasomi yenye kishada kinachoning'inia pembeni. Katika kurasa zile mbili aliandika neno moja tu kwa herufi za dhahabu: DOKTA.

Hilo ndilo jina la binti yake mtaani. Alianza kuitwa hivyo akiwa bado anang'oka meno ya utotoni, siku aliposimama darasani akamsahihisha mwalimu ubaoni. Watu wa mtaa wao hawana dogo. Walilidaka jina hilo, wakalivalisha mtoto, na jina la kuzaliwa likasahaulika hata na mama yake mwenyewe. Binti naye akakua ndani ya jina kama mtoto anayenunuliwa viatu vikubwa ili avikute mbele ya safari. Sasa alikuwa mtu mzima, na leo ndiyo siku ambayo viatu vingemwenea.

Na mji wenyewe alikokuwa akisoma, nani hajausikia? Waliokwenda waliusifu, na wasiokwenda wakausifu zaidi yao. Walisema huko hata muuza karanga hakubali ubishi usio na hoja. Ukipotea njia, walisema, anatokea mtu anakusindikiza mpaka mlangoni, na mkifika keshakufundisha jambo. Na lile lililowaacha wazazi midomo wazi ni kwamba chuo cha mji huo hakijawahi kumfelisha mtu. Anayeingia anatoka msomi. Hakuna aliyewahi kumwona aliyeshindwa, si ndugu, si jirani, si rafiki wa jirani. Mama Keki alikuwa ameisimulia habari hiyo katika kila harusi aliyopeleka keki, mpaka wapishi wenzake walikuwa wakimwona anafungua mdomo wanamalizia wao: "Hakijawahi kumfelisha mtu, tumesikia."

Kwa hiyo alipomwuliza kijana mmoja njia ya kwenda chuoni, na kijana akaelekeza kwa kidevu bila kubandua macho kwenye simu, Mama Keki hakuchukia. Alijisemea, huyu ana mawazo mazito kichwani. Alipita mtaa wa maduka ya kunakilisha, duka baada ya duka, mashine zikiunguruma na kutapika karatasi za moto. Ukutani palibandikwa matangazo: chumba cha mwanafunzi, kitanda kimoja na nusu dirisha, tunaandika tasnifu, siri yako ni yetu. Katika duka moja msichana alikuwa ameegemea mashine akilia, mabega yanamruka, na mwenye duka anamsogeza kwa kiwiko ili mteja mwingine apate nafasi. "Machozi ya furaha hayo," Mama Keki aliiambia keki yake. Mtu akitaka kupenda hakosi sababu.

Siku hiyo ilikuwa siku ya utetezi. Kila mtahiniwa aliyemaliza utafiti wake huitwa mbele ya jopo, akaulizwa, akajibu, na jopo likaamua papo hapo. Anayepita hufunguliwa mlango mkubwa wa mbele. Anatokea juu ya ngazi amevaa joho, kengele inapigwa, na jamaa zake waliosubiri chini wanapanda mbio kumpokea kwa mashada. Picha za ngazi zile zilikuwa zimejaa katika sebule za nchi nzima. Dokta alikuwa amemwambia mama yake kwenye simu, akarudia: "Usubiri mbele, mama. Kwenye ngazi. Usiondoke kwenye ngazi hata kidogo."

Alifika akazikuta ngazi. Lo, zilikuwa ndefu na nyeupe kuliko kwenye picha! Chini yake familia zimejazana, akina mama na vitenge vipya, akina baba wamebanwa na tai, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Ng'ambo ya barabara wenyeji wa mji walikuwa wamekaa kwenye viti vya mgahawa, wamekunja nne, wanatazama familia zile kama watu waliokata tiketi. Hilo alilichukulia kuwa ni upendo. Kilichomsumbua ni jua. Jua la pale lilikuwa halina huruma, na kofia ya sukari ilikwisha anza kutoa jasho.

Hapo ndipo kazi ilipomponza. Tangu aanze kuoka keki za watu, Mama Keki hajawahi kuingia ukumbini kwa mlango wa mbele. Mbele ni kwa bibi harusi. Keki hupita jikoni. Ukiipitisha mbele watoto wataidokoa, walevi wataigonga, na siri ya meza itakwisha kabla ya wakati wake. Miguu yake ilikuwa imezoea hivyo hata haikumwomba ruhusa. Aliona tu inazunguka jengo, inapita kwenye mitungi ya gesi na matenga ya vitunguu, inamfikisha kwenye ua wa nyuma penye harufu ya mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Nia yake ilikuwa ndogo: amwachie mpishi keki mahali penye ubaridi, kisha arudi mbele asubiri kama alivyoagizwa.

Kando ya mlango wa jikoni mlinzi mmoja mzee alikuwa amekalia kreti, anachambua meno kwa njiti.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Unaleta au unachukua?"

"Naleta," alisema Mama Keki, akaona swali la ajabu. "Nina keki ya binti yangu. Yumo ndani anatetea."

Mlinzi aliinua kifuniko cha boksi kwa kidole, akasoma, akakirudisha taratibu. "Nani kakwambia uje huku?"

"Keki siku zote huingilia jikoni, baba."

"Haya. Maana nimekaa kwenye kreti hili mpaka limechukua umbo langu, na sijapata kumwona mzazi akija nyuma. Wazazi wote wako mbele na mashada yao."

"Nami narudi hukohuko mbele. Watoto si wanatokea mbele?"

"Waliopita wanatokea mbele." Alitema kipande cha njiti. "Ila na wengine wana miguu, mama. Lazima wapite mahali."

Mama Keki alicheka. Alimcheka mzee wa watu waziwazi, kama anavyochekwa mtoto anayesema jua limeanguka kisimani. "Wengine gani? Chuo hiki hakijawahi kumfelisha mtu!"

"Umewahi kumwona aliyefeli?"

"Sijawahi."

"Basi. Na wale walioko mbele hawajawahi. Nao watakaa pale mpaka jioni, kengele inawapigia wenzao. Jua likichwea wataondoka wenyewe, mmojammoja. Hakuna anayewaambia kitu wala anayewafukuza. Hapa hatumwaibishi mtu." Mzee alisema hayo kwa fahari, kama mtu anayesifu usafi wa nyumba yake. "Aibu ya maiti, aijuaye ni mwosha. Mwosha ndiye mimi."

"Na hao wanaopita kwako, wakifika kwao wanasemaje?"

"Ungekuwa wewe, ungesema?"

Alitaka kumjibu. Alikuwa na jibu zuri, la mwanamke aliyezoea kubishana na wenye maharusi. Lakini mlango wa jikoni ulisukumwa kwa ndani, mvuke wa sufuria ukatangulia, na nyuma ya mvuke akatoka Dokta.

Alikuwa amevaa gauni la bluu ambalo mama yake alimpelekea kwa mtu wa basi. Hakuwa analia. Alikuwa amekumbatia tasnifu yake kifuani, na alipomwona mama yake amesimama pale na boksi, uso wake ulifanya kitu ambacho Mama Keki hajawahi kukiona usoni pa mwanawe: ulimchukia.

"Nilikwambia usubiri mbele," alisema Dokta.

Mama mwingine angemkumbatia. Wapo watakaosema wao wangemkumbatia, na waseme, maneno hayalipiwi ushuru. Mama Keki aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akauliza: "Kuna mtu kakuona?"

"Mama."

"Nauliza, kuna mtu wa kwetu kakuona?"

"Hakuna." Binti alikaa kwenye tenga la vitunguu. "Nilitaka usubiri mbele mpaka uchoke. Kesho ningekupigia, nikakwambia kikao kimeahirishwa. Ningepata muda."

"Muda wa nini?"

"Sijui. Muda tu."

Kisha akaeleza, kwa sauti kavu, kama anasoma habari za mtu mwingine. Utafiti wake ulihusu visima vya nyumbani kwao, ni kwa nini vinageuka chumvi. Kwa miaka alichota maji, akapima, akamkabidhi msimamizi wake kila alichokipata, sura kwa sura, kama inavyotakiwa. Mwenyekiti wa jopo alifungua tasnifu, akafungua na kitabu kingine kilichotoka mwaka uliopita, akavilaza pamoja mezani. Akasema: haya yote yameshaandikwa. Kitabu kile kilikuwa cha msimamizi. Visima ni vilevile, namba ni zilezile, hata mfano wa bibi anayeonja maji kwa ulimi kabla ya kuteka ulikuwemo, na bibi huyo ni bibi yake Dokta mwenyewe, mzaa baba.

"Na yeye msimamizi, alikuwepo?"

"Alikuwa amekaa palepale mezani. Walipomwuliza, akasema anasikitika, alikuwa akinionya nitafute jambo langu mwenyewe. Akanisogezea glasi ya maji. Jopo likacheka kidogo, kwa sababu ya maji."

Hasira ilimpanda Mama Keki mpaka masikio yakaziba. Angeweza wakati ule kuingia ndani na kisu cha kukatia keki. Hakuingia. Maana nyuma ya hasira ilikuja aibu, na aibu ilikuwa na mbio zaidi. Aliwaona watu wa mtaani wamekaa barazani. Aliwaona wapishi wenzake. Aliliona jina lile, Dokta, linavyoanza kutamkwa kwa kuvutwa, na kicheko mwishoni. Ameahidi picha ya kwenye ngazi. Ukutani sebuleni alikwisha pigilia msumari.

"Inuka," alisema. "Rudi ndani. Pita katikati ya jengo, utokee mbele."

"Mlango wa mbele hufunguliwa na jopo."

"Basi tuzunguke, usimame kwenye ngazi nikupige picha mimi kwa simu."

"Mbele ya watu wote wale? Bila joho?"

Mlinzi alikohoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea tu, na mazoea yana taabu. "Mama, usijihangaishe," alisema. "Pita kile kichochoro. Kuna mpiga picha; wengine huwaitia wazazi wao huko kwa simu. Majoho anayo, makubwa kwa madogo. Na ngazi anazo."

Ngazi alikuwa nazo kweli. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Katika chumba chembamba kilichokuwa zamani stoo ya viazi, ukuta mzima ulifunikwa kwa turubai lililochorwa ngazi nyeupe, mlango mkubwa, hata kipande cha anga la bluu. Mchoraji alikuwa hodari. Usipoligusa huwezi kujua. Mpiga picha, mwanamume mchangamfu mwenye vidole virefu, hakuuliza kitu. Alimtazama Dokta mabega, akachomoa joho kwenye kamba, akamvalisha, akamweka kofia na kumgeuza kidevu kwenye mwanga.

"Mama mzazi, usimame kulia. Mkamate mkono. Si hivyo, mkamate kwa furaha. Hiyo ni nini, keki? Ebo! Miaka yote sijapata keki! Ifungue, ifungue, tuiweke mbele."

Dokta alisimama kama nguo iliyoanikwa. "Mama, twende nyumbani," alisema chinichini. "Nitawaambia mwenyewe. Nitasema nimeibiwa. Ni kweli nimeibiwa."

"Na nani atakuamini? Profesa aliyeandika kitabu, au wewe uliyetokea jikoni?" Mama Keki alimnyoosha kola ya joho, akampangusa jasho juu ya mdomo kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akimfanyia kabla ya shule. Alimpenda mtoto huyu kuliko pumzi yake. Hilo lisitiliwe shaka na mtu. "Cheka," alimwambia.

Akacheka. Mashine ikamulika.

Dokta alipokuwa anavua joho, mlango uligongwa, akaingia mzee wa makamo na mwanawe wa kiume. Kijana macho yalikuwa mekundu, na baba alikuwa ameshika shada la maua upande ambao watu hawataliona. Mzee aliangalia ngazi za turubai, akamwangalia Dokta, akaiangalia keki. Hakusalimia. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeomba moto kwa jirani: "Samahani, dada. Hiyo keki mnaondoka nayo?"

"Imeandikwa Dokta tu," alisema mpiga picha. "Inamfaa yeyote."

Mama Keki aliitazama keki yake. Alikesha juu yake. Kila kona ya ukurasa aliilainisha kwa kisu kilichochovywa maji ya moto. "Itumieni," alisema. Akabaki mlangoni akitazama yule mzee anavyojipanga kando ya mwanawe, anavyokamata mkono kwa furaha kama alivyoelekezwa, na nje, kwenye kichochoro, familia nyingine inafika imeinamisha vichwa. Akasikia kitu kinalegea kifuani. Mara ya kwanza hakukitambua, kwa kuwa hakukitegemea mahali pale. Ilikuwa nafuu. Kumbe hayuko peke yake! Kumbe na huyu mzee mwenye tai naye! Wahenga walisema kifo cha wengi ni arusi, na yeye arusi alizijua vizuri. Alimwangalia kijana mwenye macho mekundu, akamwona amelia kuliko Dokta, na hilo nalo likampa nafuu nyingine, tamu kidogo kuliko ya kwanza.

Keki waliiacha palepale. Mpiga picha alisema ingefaa mpaka jioni ikiwa joto halitaiyeyusha.

Nyumbani picha ilitundikwa, ikapendeza. Watu walikuja wakaisifu ngazi, wakasifu joho, wakasema Dokta amekonda lakini kusoma kunakondesha. Dokta aliambiwa aseme anasubiri kupangiwa kazi, na kila aliyemwuliza alimjibu hivyo. Alikuwa akilala mchana, jioni anakaa uani anachambua mchele usio na mawe. Waliomwita Dokta kwa utani zamani sasa walilitamka jina hilo kwa heshima, na kila lilipotamkwa yeye alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeingiwa na moshi. Mama yake aliona. Alijiambia litapita, vyote hupita. Hawakuzungumza tena habari ya jikoni, hata walipokuwa wawili.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi cherehani, shoga yake Mama Keki tangu wote wawili wakiwa na viuno vyembamba. Aliachwa na mume, akabaki na binti mmoja, ambaye mtaa ulimpa jina la Maswali kwa sababu tangu alipojua kusema hajawahi kufunga mdomo. Maswali alikuwa amemaliza chuo cha pale mjini kwao, mambo ya maji na udongo, akimfuatisha Dokta nyayo kwa nyayo. Sasa idara ya maji ilimpa kazi, dawati lake na koti lake jeupe, mwendo wa mguu kutoka nyumbani. Na wiki hiyohiyo ule mji mwingine nao ukamwita.

Walikuja jioni, mama na binti, wakakaa chini ya ile picha. Dokta alileta chai. Maswali alimwamkia Mama Keki, "Shikamoo," akaitikiwa, kisha akamganda Dokta kwa macho kama muumini.

"Shoga," alisema fundi cherehani, "sitaki kuzungukazunguka. Jumatatu lazima tuwajibu watu wa idara, ndiyo au hapana. Akikataa, nafasi wanampa mwingine. Mwenzangu wewe umefika kule, umeona kwa macho yako, si ya kuhadithiwa. Mji ule uko kama unavyosifiwa? Niambie kweli. Ukisema asiende, haendi. Sina mwingine wa kumwuliza."

"Nami nina swali," alisema Maswali.

"Wewe huna siku usiyo nalo," alisema mama yake.

"Dokta, ni kweli hakuna aliyewahi kufeli? Hata mmoja? Maana nilikuwa nafikiri, wakiwa wote wanapita, basi mtihani si mtihani. Na kama ni mtihani, wale wengine wako wapi?"

Dokta alikuwa amesimama na sinia. Alifungua mdomo, na Mama Keki alijua kabisa, kama anavyojua keki iliyoiva kwa harufu tu, kwamba mwanawe alikuwa anakwenda kusema. Midomo yake ilikwisha lichukua umbo la neno.

"Mwenzako kachoka, mwache," alidakia Mama Keki. "Niulize mimi."

Wote watatu wakamgeukia. Na hapo, kwa muda wa kumeza funda moja la chai, aliyaona yote mawili waziwazi. Akisema kweli, picha itateremshwa, na yeye atarudi kwenye majiko ya watu akiwa mama wa aliyetokea jikoni. Hilo liliogopesha, na watu wangelielewa. Lakini chini yake palikuwa na jingine ambalo hakuna mtu angelielewa, na yeye mwenyewe lilimtisha alipoliona. Alimtazama Maswali: meno meupe, shingo ndefu, macho yanayowaka kama ya Dokta kabla ya kwenda. Koti jeupe linamsubiri mwendo wa mguu. Ataamka kila siku atoke mlango huu wa pili, apite mbele ya Dokta anayechambua mchele. Na fundi cherehani, shoga yake wa damu, atakuwa amekaa barazani, ana mtoto mwenye kazi, anawaonea huruma. Mama Keki alitaka, Mungu amsamehe, alitaka kwa moyo wake wote siku moja kumwona shoga yake huyu amekamata mkono wa mwanawe kwa furaha mbele ya turubai.

"Mpeleke," alisema.

"Kweli, shoga?"

"Nisikudanganye. Nilipotea njia, mtu akanichukua mpaka mlangoni, na tulivyofika keshanifundisha jambo ambalo sitalisahau. Wazee wao wana adabu, jamani. Hawamwaibishi mtu. Hiyo kazi ya idara ipo tu, maji hayataisha. Lakini mji kama ule hauiti mtu mara mbili."

Fundi cherehani alianza kulia. Aliinuka akamkumbatia shoga yake, akamlowesha bega, akasema Mungu akulipe, akulipe sawasawa na moyo wako. Maswali alikuwa anaruka kama mtoto. Walitoka wameshikana mikono, na punde tu kutoka upande wa pili wa ukuta vigelegele vikasikika, na watu wakaanza kuitana.

Dokta aliliweka sinia mezani.

"Ungewaambia," alisema.

"Mlango huo hapo. Kawaambie wewe."

Dokta alikwenda mpaka mlangoni. Mama Keki alimwona mgongo, mikono inaning'inia, kichwa kimeegemea fremu, akaogopa, na katikati ya hofu akajishangaa kugundua kwamba anaomba. Alikuwa anaomba mwanawe aseme. Aseme basi, yaishe, picha ianguke, wote waanguke. Nje Maswali alimwona Dokta, akamjia mbio, kandambili zinapiga kelele.

"Dokta! Nimesahau la maana kuliko yote! Wanasema lazima nichague msimamizi tangu sasa. Simjui hata mmoja kule. Wewe unanishauri nani?"

Dokta alinyoosha mkono, akamweka Maswali vizuri ukosi wa blauzi uliokuwa umekunjamana. Akamtajia jina la mtu. Akalitaja taratibu, herufi kwa herufi, ili asikosee kuliandika.

"Huyo ndiye aliyekusimamia wewe?"

"Ndiye huyo. Ukipata chochote, mpelekee yeye kwanza."

Ndani, Mama Keki alianza kukusanya vikombe.